Je, Ni Haki Kumlilia Mama Aliye Hai?

Katika desturi zetu sisi Bayira kuna namna mbili za kuingia katika nyumba yenye shida. Ukienda kumsalimia mgonjwa, unauliza habari ya usiku, unamwekea ndizi ao mayai uliyobeba, unakaa kidogo, unamwambia atapona, kisha unaaga. Ukienda kwenye kilio, hauulize kitu. Unaingia kimya na kukaa chini. Wamama wamebeba kuni na maharagi, na wanaume wanakesha kwenye moto. Hakuna mtoto wa Kalunguta aliyefundishwa tofauti hiyo kwa maneno. Anaiona tu, anaifuata.

Lakini siku hizi kuna nyumba ambazo hatujui tuingie namna gani. Ndani yake kuna mama ambaye daktari amekwisha kumweleza kwamba kansa ya ziwa imetoka pahali ilipoanzia, imeingia katika mifupa, na haitaondoka tena. Dawa zinaweza kuizuia mwaka mmoja, miaka miwili, pengine mitano na kupita. Asubuhi mama huyo yuko shambani. Jioni anasonga bugali na kumgombeza mtoto ambaye hakufanya kazi ya masomo. Ni mgonjwa? Ndiyo. Atapona? Hapana. Amekufa? Hapana vilevile. Sisi majirani tunasimama njiani, hatujui tubebe ndizi ao tubebe kuni.

Tumeona wengi wakibeba kuni.

Swali tunalotaka kulizungumza katika kurasa hizi ni hilo: je, ni haki kuanza kumlilia mtu ambaye angali hai, na zaidi akiwa mama mwenye watoto wa kulea? Sisi tunajibu kwamba si haki. Hata hivi hatutaki kujibu mbio, kwa sababu wanaomlilia mapema wanafanya hivyo kwa upendo, na upendo wao una mizizi katika mambo ambayo sisi wenyewe tunayaheshimu.

Kwanza tuseme kidogo juu ya ugonjwa wenyewe. Kansa ya ziwa (titi, kama wengine wanavyosema) si ugonjwa wa Wazungu wala wa matajiri wa mujini. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 wanawake karibu milioni 2.3 waligunduliwa nayo ulimwenguni, na 670,000 walikufa juu yake. Inaanza kama kijiwe kisichouma, na kwa kuwa hakiumi, mama anaendelea na mihogo yake. Wakati kinapoanza kuuma ao ngozi inapopasuka, mara nyingi mbegu za ugonjwa zimekwisha kusafiri kwa njia ya damu mpaka kwenye mifupa, mapafu, maini ao ubongo. Hapo daktari haongei tena juu ya kuponyesha. Anaongea juu ya kuzuia. Na kuzuia si neno la bure: kuko dawa kama tamoksifene, kidonge cha kila siku ambacho kimetumika tangu miaka ya 1970, kinachosaidia wanawake ambao kansa yao inalishwa na homoni. Katika Marekani, karibu wanawake 3 katika 10 waliogunduliwa ugonjwa ukiwa umekwisha kuenea wanaishi miaka 5 na zaidi.

Huku kwetu njia ni ndefu zaidi. Kati ya Butembo na Beni hakuna mashine ya mionzi. Mwenye uwezo anaelekea Kampala, kwenye taasisi ya kansa iliyo Mulago, ambayo ilianzishwa mwaka 1967. Anapita Beni, anashuka Kasindi kwa barabara ambayo watu wamekwisha kuuawa juu yake, anavuka Mpondwe, anasalimiana na ndugu zetu Bakonzo kwa luga moja, kisha anapanda basi la usiku. Na hata kule, mwaka 2016, mashine pekee ya mionzi ya inchi nzima iliharibika. Mpya ilizinduliwa Januari 2018. Tunayasema haya ili msomaji aelewe kwamba mama anaporudi kutoka safari hiyo na pakiti ya vidonge katika kikwembe, amekwisha kufanya kazi kubwa. Amenunua wakati.

Sasa tuangalie anakuta nini nyumbani.

Mambo yanaanza polepole. Wanaume wa ukoo wa bwana wake wameitana kwenye kyaghanda, ao tuseme katika nyumba ya kaka mkubwa, kwani moto wa kyaghanda hauwaki tena katika kila kijiji. Mwenye ugonjwa hakuitwa. «Musimuambie yote,» mmoja anasema, «akijua atakufa mbio.» Kumbe yeye ndiye aliyelala kwenye kitanda cha daktari, yeye ndiye aliyeonyeshwa picha ya mifupa yake, na anajua kuwashinda wote waliokaa pale. Lakini kikao kinaendelea kama vile ugonjwa ni mali ya ukoo na yeye amewekewa tu.

Kisha linakuja jambo la Masika. Kila mmoja wetu anajua kwamba Masika ni jina la binti wa kwanza, na kwamba jina hilo ni kama kazi. Mama akilala, Masika anasimama. Anaachishwa masomo «kwa muda», na muda huo mara nyingi haurudi. Masomo ya shule ya musingi yalitangazwa kuwa ya bure mwaka 2019, lakini sekondari ingali inalipwa, na ni kwenye sekondari ambako Masika wetu wanapotelea. Wadogo wanagawanywa: huyu kwa shangazi wa Butembo, yule kwa mjomba. Wanapelekwa wakiwa na nguo zao katika mfuko, wakiambiwa ni likizo. Mama anabaki katika nyumba yenye utulivu ambao hakuuomba.

Kuna na madogo ambayo yanauma kama makubwa. Wamama waliokuwa wanacheka kwenye kisima wananyamaza akifika. Hawamdai tena chumvi aliyokopa. Hawamwulizi tena bei ya kahawa. Watoto wa jirani wanakatazwa kula kwa sahani yake, ingawa kansa haiambukizi, hata kwa sahani, hata kwa kitanda. Bwana wake anaulizwa kwa sauti ya chini kama amekwisha kufikiri juu ya mtu wa kumsaidia na nyumba. Hatutataja sana mambo ya ulozi, kwa sababu kila mtu anayajua: kuna familia ambazo kabla ya kumtafutia mgonjwa dawa zinamtafutia adui, na mbuzi wanaisha katika kutafuta huko. Hatutataja sana pia vyumba vya maombi ambavyo vinamwambia atupe vidonge ili kuonyesha imani. Nyamuhanga hakukataza dawa.

Mtu atatuuliza: je, mababu wetu walikuwa wabaya basi, wao waliotufundisha kumficha mgonjwa hatari ya ugonjwa wake? Hapana. Tunafikiri walikuwa na sababu nzuri tatu ao nne, na ingefaa tuziseme kwa haki.

Waliamini kwamba neno lina nguvu. Ukimwambia mtu «utakufa», umemtia jiwe mgongoni na hatembei tena sawasawa. Hilo ni kweli hata leo, na madaktari wenyewe wanalijua. Tena wakati wao magonjwa ya kuua yalikuwa mafupi. Mtu alilala, akapona ao akazikwa, na kumficha ukweli kwa siku kumi hakukumwibia kitu. Na zaidi, ukweli haukuwa na kazi: kama hakuna dawa ya kuchagua wala safari ya kupanga, habari mbaya inasaidia nini?

Sisi wenyewe tumelelewa katika mawazo hayo, na kwa bahati mbaya tumeyapata tena kwa nguvu katika miaka ya karibuni. Kutoka tarehe 1 Agosti 2018 mpaka tarehe 25 Juni 2020 Ebola ilipita katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, pamoja na eneo letu la afya la Kalunguta. Watu 3,470 waliugua na 2,287 walikufa. Ugonjwa huo ulitufundisha hesabu yake: majuma mawili ao matatu, kisha mtu anatoka na cheti cha kupona ao anatoka katika mfuko. Haukuwa na nafasi ya katikati. Ni rahisi kuelewa juu ya nini mtaa uliopita katika mambo hayo unamwona mama mwenye kansa na kuuliza swali lilelile: ametoka ao hajatoka?

Basi kansa iliyoenea haijibu swali hilo. Inakaa. Na kumficha mtu kwa miaka mitatu si sawa na kumficha kwa siku kumi. Siku kumi ni huruma. Miaka mitatu ni kumwondoa katika maisha yake mwenyewe, kwa sababu kila neno la nyumba linapita pembeni yake. Hapo desturi imebaki na sura yake lakini kazi yake imegeuka.

Kuna sababu nyingine ya wazee ambayo tunaipenda kuliko zote, nayo ni kwamba mtoto ni wa ukoo. Kwetu neno «yatima» lilikuwa zito kulisema. Mama mdogo ni mama, baba mdogo ni baba, na mukaka anaanza upya malezi na miaka yake sabini. Utafiti uliofanywa katika inchi tano za Afrika, Uganda ikiwa mojawapo, ulionyesha kwamba kwa kila wanawake 100 wenye chini ya miaka 50 waliokufa kwa kansa ya ziwa, watoto 210 walibaki bila mama. Na kwa ulimwengu mzima, watafiti walihesabu kwamba katika mwaka 2020 peke yake watoto zaidi ya milioni moja walifiwa na mama kwa ajili ya kansa mbalimbali, na karibu robo yao ilikuwa kansa ya ziwa. Mbele ya hesabu kama hiyo, mtu mwenye ukoo mpana ni tajiri. Hatutakubali yeyote atuambie kwamba desturi hii ni ya zamani na tuitupe.

Lakini kuna wakati wake. Ukoo ni mkeka unaotandikwa chini ya mtoto ili akianguka asiumie. Mkeka hauje kumkamata mtoto angali mgongoni mwa mama yake. Anayewachukua watoto wakati mama angali anaweza kuwalea amewafanya yatima kwa mkono wake, na ugonjwa haujafanya hivyo bado.

Wako wanaopinga, na hoja yao si nyepesi. Wanasema: «Ninyi munaongea vizuri kwenye karatasi, lakini mama anatapika usiku, mtoto wa miaka mitatu analia, bwana yuko kwenye machimbo. Tungoje nini? Ni vizuri mtoto azoee kwa shangazi mapema, mama akiwa angali na nguvu za kumwaga. Siku ya mwisho ikifika atakuwa amekwisha kuzoea.» Tumelifikiri sana neno hilo. Kuna majuma ambayo mtoto lazima aende, kwa mfano mama akiwa Mulago kwa matibabu. Hakuna aibu pale. Tofauti tunayoiona ni hii: nani amesema aende, na je, ameambiwa atarudi? Mama akisema «mumupeleke kwa shangazi mpaka nipate nguvu», huo ni ulezi. Bado yeye ni mama, anapanga, anatuma. Wakubwa wakikaa na kuamua, na mama akakuta mkeka wa mtoto haupo, wamemzika sehemu moja ya mwili.

Na tusisahau kwamba mtoto anajua. Mtoto wa miaka sita anajua wakati mama ananuka dawa, anajua wakati watu wanacheka cheko la bongo. Asipoambiwa anajitungia hadisi yake, na mara nyingi katika hadisi hiyo yeye ndiye mwenye kosa: alikataa kuchota maji, ndiyo maana mama anaugua. Akiuliza, «Mama, utakufa?», tumezoea kumfunga kinywa: «Usiseme hivi!» Sisi tunafikiri mama anayo haki ya kumjibu kwa kipimo cha umri wake: «Niko na ugonjwa ambao hautoki. Niko na dawa. Leo niko hapa, na kesho ni mimi nitakuamusha uende masomo.» Hakuna uongo katika maneno hayo, wala hakuna jiwe mgongoni.

Swali hili halikuanza Kalunguta. Mwaka 2007, mwezi wa Machi, Elizabeth Edwards, bibi wa mwanasiasa wa Marekani aliyekuwa anatafuta uraisi, alitangaza mbele ya kamera kwamba kansa yake ya ziwa, iliyogunduliwa mara ya kwanza mwaka 2004, imerudi na imeingia mfupani. Nyumbani alikuwa na mtoto wa miaka 8 na mwengine wa miaka 6. Alisema ataendelea na kazi. Inchi nzima ikagawanyika: wengine walimsifu, wengine waliuliza ni mama gani anayepoteza siku zake za mwisho njiani wakati watoto wake ni wadogo. Siku hizo za mwisho zilikuwa zaidi ya miaka mitatu na nusu; alikufa Desemba 2010. Alikuwa na pesa na waganga ambao sisi hatuna, kwa hiyo hatumweki hapa kama kipimo cha mama wa Maboya ao wa Kabasha. Tunamtaja kwa sababu ya hukumu ya watu. Hata kule ambako kila kitu kinasemwa wazi, walimwengu walitaka kumwamulia namna ya kutumia siku zake, na walikuwa wamezihesabu vibaya.

Karibu zaidi na sisi, huko Kampala, wanawake walioishi na kansa ya ziwa walijiunga mwaka 2004 katika chama chao, UWOCASO, ili mmoja asikie kwa mwenzake yale ambayo familia inaogopa kuyasema. Tungependa kuona wamama wetu wa njia ya Butembo na Beni wakifanya namna hiyo, hata watatu ao wane tu, hata chini ya muti nyuma ya kanisa. Daktari anaweza kusema dawa ni hii. Ni mwenye ugonjwa tu anayeweza kusema namna ya kubeba mtoto mgongoni wakati uti wa mgongo unauma.

Juu ya maumivu tunataka kukaa kidogo, maana hapa desturi yetu ina kosa ambalo si la wakati huu tu. Kwetu mwanamke anasifiwa kwa kuvumilia. Anazaa bila kulia, anabeba muzigo wa kuni kwa kamba kwenye paji la uso bila kunung'unika. Sifa hiyo ikiingia katika kansa ya mifupa inageuka kuwa mateso. Mama anayeumwa hivyo halale, hale, na watoto wakimkaribia anawafukuza kwa sababu hata mkono wa mtoto unamwumiza. Maumivu yanamwondoa kwa watoto kabla ya kifo. Na dawa iko, tena si ya bei kubwa: mofini ya kunywa, maji yanayotengenezwa kwa unga na kutiwa katika chupa ya kawaida. Uganda, tangu shirika la Hospice Africa lilipoanza kazi huko mwaka 1993, imejenga njia yake ya kuigawa, na mwaka 2004 sheria ya inchi hiyo iliwaruhusu wauguzi waliofundishwa kazi hiyo kuiandika wao wenyewe, kwa kuwa vijijini madaktari ni wachache. Huku bado kuna wanaosema mofini ni dawa ya kumaliza mtu. Mgonjwa anayepewa kwa kipimo anakaa kitini, anakula, anamfundisha binti yake kukunja majani ya lituma. Sisi tunaona kwamba kumnyima ni sawa na kumpokonya jioni zake pamoja na watoto, na hatujui sifa gani ya uvumilivu inaweza kulipa deni hilo.

Tumefika kwenye pesa. Wengi wataona kwamba ni hapa tungeanza.

Safari ya Kampala, vipimo, vidonge vya kila mwezi: hayo yote yanatoka katika mfuko mmoja na pesa ya sekondari. Mama anajua hesabu hiyo vizuri kuliko bwana wake. Na mara nyingi anaifanya peke yake usiku: anaacha vidonge mwezi mmoja ili Mumbere aandike mtihani, kisha mwezi wa pili, kisha haanzi tena. Hasemi. Siku ya kilio watu wanasimama na kumsifu: «Alijitoa kwa watoto wake.» Sisi tunasita kumsifu hivyo mbio. Kuchagua watoto ni haki yake, na pengine sisi wote tungechagua vile. Lakini alichagua gizani, kwa sababu hakuna aliyemwuliza, wala hakuna aliyesema, «Ngoja, pesa ya Mumbere tutatafuta.»

Na hao waliokaa kimya, tazama wanavyotokea siku ya maziko! Sanduku zuri linatoka Butembo. Magari yanakodiwa. Vikwembe vya aina moja vinashonwa kwa wamama wote wa ukoo. Mbuzi zinaanguka, kasiksi inamwagika, na karani anaandika michango katika daftari, jina kwa jina, ili kesho mtu asisahau kulipa yake. Tumewahi kukaa na wenzetu na kupiga hesabu ya kilio kimoja cha kawaida, tukaona kwamba pesa hiyo ingenunua vidonge vya tamoksifene kwa muda mrefu sana. Hatusemi watu wasizike vizuri. Kumheshimu maiti ni alama ya utu, na aliyezikwa kama mbwa ni aibu ya wote. Tunachouliza ni juu ya nini daftari hilo linafunguliwa siku ya kifo peke yake. Maiti inachangiwa, mgonjwa anaombewa. Ndugu yangu wa Beni anayeleta mbuzi kwa kilio hakuwahi kuleta nauli ya Kasindi.

Tutajibiwa kwamba mchango wa maiti unaisha, lakini mchango wa mgonjwa wa miaka mingi hauishi, na watu wanachoka. Ni kweli. Uchovu huo tuuseme wazi pasipo kumhukumu mtu. Hata bwana anachoka, hata Masika anachoka, na mgonjwa mwenyewe anachoka zaidi. Lakini kuna mambo tunayoyalipa miaka na miaka bila kuchoka, kama masomo ya mtoto kutoka darasa la kwanza mpaka Graben. Tunaweza kwa sababu tunalipa kidogo kidogo, tena kwa zamu.

Wakati wa SIDA tulifanya vilevile kama leo. Tuliwalilia watu waliokuwa wangali wanatembea, tukagawa mashamba yao kwa macho. Kisha dawa za kupunguza makali zikafika, na wengine wao leo wanaoza mabinti na kupokea mbuzi. Kansa iliyoenea si SIDA, na dawa zake hazina nguvu ile. Lakini jicho letu ni lilelile, na lilikwisha kukosea mara moja.

Kuna watu wanaomshangaa mama mwenye kansa akipanda miche ya kahawa, kwa kuwa kahawa inangoja karibu miaka mitatu mbele ya kuzaa. «Atavuna nini?» Mzee wa miaka themanini akipanda mikaliptusi kwenye mulima, hakuna anayemwuliza hivyo. Tunasema tu, mzee huyu anajua kazi.

Mwisho, kuna swali moja dogo ambalo lilituletea mabishano mengi kuliko yote tuliyoandika hapa. Katika likirimba, kila mwanachama anatia pesa yake kila juma, na kila mmoja anapokea chungu kizima kwa zamu yake. Mama akijulikana kuwa na kansa iliyoenea, je, zamu yake ikifika apewe? Wengine wanasema hapana: akipokea leo na kufa kesho, nani atarudisha? Wengine wanasema arudishiwe yake aliyotia na aachwe apumzike. Sisi tuliobaki tunasema apewe zamu yake katika siku yake, bwana wake akiweka mkono kwenye daftari pamoja naye, na kila juma akichelewa kuleta, karani apite mlangoni kwake na kumdai kama anavyowadai wengine.